Chetezo, zulia na bima ya harusi

Mwenye ukumbi hakuuliza mahari wala ukoo wa bwana harusi. Alichouliza ni cheti cha bima ya dhima kisichopungua pauni milioni mbili, na alikitaka mkononi kabla ya kutoa funguo. Kilikuwa kwenye mkataba, kifungu kidogo chini ya kile kinachosema viti vipangwe kama mlivyovikuta. Hapa Leicester, Uingereza, si jambo la ajabu. Kumbi za halmashauri, kumbi za shule, hata jumba la zamani la kiwanda lililogeuzwa ukumbi wa sherehe, wote utawasikia wanataka hicho cheti.

Nikaandika kwenye kundi letu la familia kwamba ninakata bima ya harusi ya mwanangu. Kaka yangu wa Tanga akajibu, "Kwani harusi ni gari?" Mama mdogo akaja na sauti ndefu ya dakika kadhaa kwamba mtoto hajaolewa tumeshaanza kumtabiria mabaya. Mume wangu, ambaye tukizungumza fedha huwa anakumbuka fiqhi, akasema bima yenyewe ina gharari, yaani ule utata na kubahatisha ambao dini inaukataza katika mikataba. Hilo la mume wangu nitalirudia, kwa sababu si la kupuuza. Hawa wawili wengine niliwaeleza hivi.

Ndani ya karatasi moja iliyoandikwa bima ya harusi mna vitu viwili ambavyo havihusiani sana. Kimoja ni fedha zenu nyinyi. Harusi ikiahirishwa kwa sababu mzazi kalazwa, mwenye ukumbi akifilisika na arubuni yenu, gauni likiungua kwa fundi, pete zikipotea, mpiga picha akaja na kamera mbovu, hapo mnadai mlichopoteza. Cha pili ni dhima, yaani madhara mnayowafanyia watu wengine. Mgeni akiteleza kwenye sharubati iliyomwagika akavunjika nyonga, akaleta wakili, bima ndiyo inayomkabili huyo wakili na ndiyo inayolipa fidia. Mwenye ukumbi anajali hicho cha pili tu. Arubuni yenu ikizama yeye haimhusu, na mara nyingine ni yeye aliyeizamisha.

Unaweza kununua dhima peke yake, na ni rahisi. Sisi tulichukua vyote viwili. Ada haikufika pauni mia mbili, ambayo kwa harusi ya hapa ni chini ya bei ya keki.

Hati ya bima mimi naianzia nyuma. Kurasa za mbele zina picha ya maharusi wanacheka chini ya mti, na orodha ya wanachokulipa. Kurasa za nyuma ndimo mlimo na yale wasiyoyalipa, na mle ndimo bima yenyewe inapokaa. La kwanza kabisa: mmoja wenu akibadili nia, hawalipi. Mama mdogo aliposikia hilo alicheka mpaka akakohoa. "Sasa hicho si ndicho watu wanachokiogopa?" Ndicho, lakini bima hailipi jambo ambalo mwenye bima analichagua mwenyewe. Ingekuwa inalipa, kila mwenye deni la ukumbi angegombana na mchumba wake kwa wiki moja.

La pili ni yale mliyokuwa mnayajua siku ya kununua. Hapa ndipo mambo yalipokuwa mazito kwetu. Yule kijana wa kwenye simu aliuliza kwa adabu zote kama kuna mtu wa karibu na maharusi, mzazi, babu, bibi, ndugu wa tumbo moja, anayeumwa au anayesubiri vipimo. Mama yangu mzazi yuko nasi hapa, ana presha na moyo wake una historia. Kwetu sisi ugonjwa wa mzazi haumwagwi kwa mtu baki kwenye simu. Lakini sheria ya hapa ya mwaka 2012 kuhusu bima za watu binafsi inamtaka mnunuzi awe mwangalifu asijibu uongo kwa anachoulizwa, na ukijibu ovyo kampuni ina haki ya kupunguza malipo au kukataa kabisa. Nikataja moyo, presha, na dawa kwa majina yake. Wakaandika: mama akilazwa kwa ajili ya moyo, kuahirisha harusi ni juu yetu, akivunjika mguu, ni juu yao. Nilimsomea mama mwenyewe. Akasema, "Basi nitajitahidi niumie mguu."

Na visa. Mialiko ilikwenda Tanga, Unguja na Maskati, na shangazi wa bibi harusi ndiye aliyekuwa ashike shughuli ya ndani. Akinyimwa visa, bima haina neno. Ndege kuchelewa, pasi kuisha muda, mtu kukosa ruhusa kazini, yote hayo yako kwenye kurasa za nyuma. Dawa yake ni kuomba visa kwanza, kulipa arubuni baadaye, ingawa wenye kumbi za Jumamosi za kiangazi hawakupi nafasi hiyo.

Kilichonichosha zaidi lakini ni swali ambalo Waingereza hawajiulizi: harusi ni ipi? Wao wana siku moja, wanaapa mchana, wanakula jioni, wamemaliza. Sisi tulikuwa na usiku wa hina nyumbani, nikaha msikitini, kupamba kwa wanawake peke yao ukumbini, na walima, yaani karamu ya ndoa, siku iliyofuata. Juu ya hayo, ndoa ya serikali kwa msajili, ambayo mnatoa taarifa angalau siku 28 kamili kabla na tulikwenda watu wachache kwa viatu vya kazini. Msikiti wetu haujasajiliwa kufungisha ndoa za kisheria, na Februari 2020 Mahakama ya Rufaa hapa ilisema wazi kwamba nikaha ya namna hiyo peke yake haihesabiki kuwa ndoa mbele ya sheria, hata ndoa batili ya kutenguliwa na mahakama. Kwa hiyo ile siku ya viatu vya kazini ndiyo ndoa kwa serikali, na siku ambazo tumezitumilia fedha si ndoa.

Hati ya bima nayo ilikuwa na maelezo yake: harusi ni hafla ya ndoa na tafrija inayoifuata, kwa tarehe na mahali palipoandikwa kwenye jedwali. Ukiandika tarehe ya msajili, umekatia bima chumba cha halmashauri chenye maua ya plastiki. Niliwapigia tena, nikaeleza polepole. Nikaha hapa, tarehe hii. Kupamba pale, tarehe hii, wanawake watupu, na hapana, bwana harusi hayupo mpaka mwisho. Walima pale pale, kesho yake. Mwanadada aliyepokea akaniuliza kama hafla ya wanawake ni ile ya mabibi harusi kuvaa mataji ya plastiki na kunywa. Nikamwambia hiyo siyo. Mwishowe wakaongeza siku ya pili kwa nyongeza ndogo ya ada, wakaandika kumbi zote na tarehe zake. Usiku wa hina ulibaki nje, nami sikuupigania, maana ulikuwa sebuleni kwangu na gharama yake ni hina, maandazi na majirani kuvumilia ngoma.

Kama huu waraka wangu utamsaidia mtu mmoja anayeoza Ulaya, basi na awe huyu wa shughuli nyingi. Usikubali kuambiwa "umefunikwa" kwa mdomo. Jedwali likufikie kwa barua pepe, na kila tarehe yako uione kwa macho.

Dhahabu nitapita haraka. Kila kipande kina kikomo chake, jumla ina kikomo chake, na vya kuazima havimo isipokuwa uviseme. Bibi harusi wetu nusu ya dhahabu aliyovaa ni ya khalati zake, yaani mama zake wadogo na wakubwa. Tukakubaliana kila khalati amvishe chake mlangoni na amvue chake mwisho. Fedha za kutunza, zile noti anazochomekewa bibi harusi na wanazorushiwa waimbaji, hati yetu ilizilipa kidogo sana na kwa sharti zifungiwe. Hapo hapakuhitaji bima, palihitaji mkoba wenye zipu na shangazi mmoja mkali.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalioni mpaka mwishoni: cheti chenu kinawafunika nyinyi, hakiwafuniki mliowaajiri. Mwenye ukumbi alitaka na vya kwao. Mpishi wetu, dada wa Mombasa ambaye biriani yake imeozesha nusu ya mji huu, alikuwa nacho, na alikuwa amejisajili halmashauri kama inavyotakiwa kwa kila auzaye chakula. Mpambaji alikuwa nacho. Vijana wa vipaza sauti hawakuwa nacho, wakaenda kukata siku hiyo hiyo baada ya kuambiwa waya zao hazitavuka mlango.

Sasa gharari. Mume wangu hakusema ovyo. Desemba 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Jeddah likaamua kwamba mkataba wa bima ya kibiashara yenye ada maalumu una gharari kubwa na haufai, likaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana, ile ya takaful. Kenya kuna kampuni ya takaful tangu 2011. Kwa harusi hapa Leicester sikuipata ya kununua. Tulikwenda kwa imamu wetu. Alitutenganishia kile tunachotakiwa na mwenye ukumbi ili tupate kuingia na kile tunachojitakia wenyewe, akatuachia tupime. Mume wangu akapima upande wake, mimi upande wangu, na hati ikatoka kwa jina langu. Kila nyumba na sheikh wake.

Mjadala kama huo ulizuka kwenye kadi ya mkopo, kwa sababu ya riba. Sheria ya mikopo ya hapa ya mwaka 1974, kifungu cha 75, inasema ukinunua kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000 kwa kadi ya mkopo, benki inabeba lawama pamoja na muuzaji. Hata ukilipa arubuni tu kwa kadi na salio kwa njia nyingine, kinga inashika bei nzima. Mwenye ukumbi akifilisika, unaidai benki. Kinga hiyo haina ada, na mimi naiona ina nguvu kuliko kile kipengele cha bima cha mtoa huduma kufilisika. Riba unaikwepa kwa kulipa deni lote kabla mwezi haujageuka. Mpishi na mpambaji walitaka taslimu, hao hatukuwa na la kufanya.

Watu wanaoniuliza kuhusu bima hii huishia kuniuliza korona. Jirani yangu alikuwa anamuoza mwanawe kiangazi cha 2020. Nchi ilifungwa tarehe 23 Machi, na mwezi huo huo kampuni nyingi ziliacha kuuza bima mpya za harusi. Tarehe 4 Julai huko kwingine wakaruhusiwa harusi za watu wasiozidi 30, na Leicester sisi tulibaki tumefungiwa, mji wa kwanza kufungwa kivyake. Jirani alikuwa na hati tangu mwaka uliotangulia. Kampuni yake ikamjibu kwamba hati inalipa ugonjwa wa wanandoa na jamaa, amri ya serikali haimo. Alilia sana siku ile uani. Kilichomrudishia fedha nyingi si bima. Mamlaka ya ushindani na masoko ya hapa ilikuwa imetamka kwamba sheria ikizuia harusi isifanyike, kwa kawaida mteja arudishiwe fedha zake, yakitolewa matumizi machache yasiyokwepeka. Akaacha kugombana na bima, akamgeukia mwenye ukumbi na barua moja kavu. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia kudai bima, tazama kama kuna mtu mwenye fedha zako ambaye hajakupa ulichokilipia. Mara nyingi deni lako liko kwake.

Sisi harusi yetu ilifika salama. Mama hakulazwa, mguu wala moyo. Shangazi visa alipata. Lakini kulikuwa na udi.

Niliuliza mapema kuhusu udi, kwa maandishi, kwa sababu mkataba wa ukumbi ulikataza moto wa wazi. Kupamba bila udi ni mkutano tu. Meneja akajibu kwa barua pepe: chetezo kiruhusiwe kwenye kishoroba cha mlangoni, juu ya meza, mbali na mapazia, na mtu asimame nacho. Nikamtumia bima barua hiyo, wakanijibu wameipokea. Siku yenyewe somo wa bibi harusi, yule mama anayemfunda, alikaa nacho pale mlangoni, chetezo cha udongo kwenye sinia, makaa yale ya duara ya kuwashwa kwa kiberiti, na udi wa kuchanganya uliotoka Unguja ndani ya mtungi wa kahawa. Kila mgeni akifika anafukizwa, anainua mtandio kidogo, moshi unapita, anaingia. Kilienda vizuri mpaka kundi la wavulana wa miaka sita hivi, ambao hakuna aliyejua nani kawaleta kwenye shughuli ya wanawake, walipopita mbio chini ya meza. Sinia likayumba. Chetezo hakikuanguka, ila kaa moja liliruka. Somo alilikanyaga kwa kiatu chake kipya cha dhahabu bila kufikiri mara mbili, na liliacha kwenye zulia la ukumbi tundu jeusi la upana wa kisahani, na lingine dogo kwenye soli yake.

Meneja akaja. Mume wangu, aliyekuwa nje na wanaume, akaitwa. Yeye ni muungwana wa kweli. Alishaanza, "Pole sana, ni kosa letu, tutakulipia…" nikamkanyaga mguu. Maana kwenye ile hati, katika masharti ya dhima, imeandikwa usikubali kosa wala usiahidi malipo bila ridhaa ya kampuni. Ukiahidi, umeahidi kwa mfuko wako. Kwa mtu aliyelelewa Pwani hilo ni gumu. Kitu cha watu kimeharibika mikononi mwako nawe unasimama unaongea kama karani. Nikamwambia meneja tumesikitika sana kwa lililotokea, tunapiga picha, na Jumatatu asubuhi tunawaarifu wenye bima ili wazungumze naye. Alielewa kuliko tulivyodhani. Amana yetu ya uharibifu akaizuia, ni haki yake.

Wiki mbili baadaye ukumbi ulileta ankara ya zulia jipya la kishoroba kizima. Kampuni ya bima ikauliza umri wa zulia, picha za tundu, barua ya ruhusa ya chetezo, na nani alikuwa amesimama nacho. Hapo nilimshukuru Mungu kwa ile barua pepe. Kisha wakajibishana wao kwa wao. Bima inarudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, haimpandishi. Zulia la miaka tisa lenye tundu moja halimpi mtu haki ya zulia jipya. Wakakubaliana kipande kikatwe na kutiwa kingine, na ufundi wake. Pauni mia za mwanzo zilikuwa juu yetu kwa mujibu wa hati, na hizo zilikatwa kwenye amana. Nyingine tukarudishiwa. Ukumbi haukufurahi, nilipopita pale mwezi uliofuata nikaona kipande kipya kina rangi kali kuliko wenzake.

Somo hakudai kiatu. Nilimwambia kwamba kwa hati yetu nguo zinazolipwa ni za maharusi na wasindikizaji waliotajwa, akasema yeye hajawahi kutajwa kwenye karatasi ya mtu na hataki kuanza.

Kaka yangu wa Tanga sasa anaoza mwaka huu, na yeye yule aliyesema "kwani harusi ni gari" ndiye anayenipigia usiku. Shughuli yake ni ya mtaani, turubai barabarani kwa kibali cha serikali ya mtaa, viti vya kukodi, jenereta, na kamati ambayo imeshaanza kukusanya michango. Hakuna anayemdai cheti. Hilo halimaanishi hakuna dhima. Turubai likianguka juu ya watu, atatafutwa mtu. Nimemwambia kama anataka bima aende kwa dalali aliyesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2009, aeleze shughuli yake yote ilivyo, watu wangapi, turubai la nani, umeme wa nani, na aombe jibu la maandishi. Kwa fedha za michango nimemwambia asihangaike na bima, ahangaike na mikataba: arubuni ya mpishi, ya mpambaji, ya mpiga picha, kila mmoja karatasi yake, na iandikwe kinachorudi asipotokea.

Ameshampigia mwenye turubai. Bwana yule kamjibu kwamba karatasi hana, lakini vigingi vyake ni vya chuma na hajawahi kuangusha. Nimemwambia kaka aandike hivyo hivyo alivyosema, aongeze ni nani anayelipa siku likianguka, watie saini wote wawili mbele ya mjumbe.